Mgeni wa Kulala: Maji, Chumba na Pesa ya Mama wa Nyumba

Wazee wetu, mama zetu, walimu, wauguzi, wavuvi mlioacha nyavu mchana huu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma:

Nimeombwa niseme juu ya watalii wanaolala katika nyumba za watu vijijini, hasa vijiji vya milimani, na kama kazi hiyo inaweza kufika kwetu Kinkondja na kwa ndugu zetu wa milima ya Kibara, mashariki ya maziwa. Nitataja mapema ninachokiamini, mpate kunipima nikiendelea. Naamini kazi hii, popote iliposhika, imeshikwa na mtu mmoja: mama anayeteka maji, anayepika, anayefagia ua kabla mgeni hajaamka. Pesa ya mgeni ikimfikia huyo mkononi, kazi inaendelea hata wafadhili wakiondoka. Ikiishia kwa kijana mwenye simu, au kwa shefu, au kwa kampuni ya mjini, mama atachoka mwaka wa pili, na mlango utafungwa bila kelele.

Wengi wakisikia habari za mtalii wanamwona Mzungu mwenye kamera na mfuko mgongoni. Huyo yupo, lakini kwetu bado yuko mbali, na nitaeleza kwa nini. Mimi nataka tuanze na wageni tulio nao. Tangu reli kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipofika Bukama mwaka 1918, mto wetu umekuwa barabara kubwa. Mtu anashuka katika garimoshi, anapanda boti, anafuata Lualaba hadi ziwa letu la Kisale, na mwenye safari ndefu anaendelea mpaka Kabalo na Kongolo. Njia ndefu hivyo ina usiku mwingi ndani yake. Mnunuzi wa samaki aliyetoka Kamina au Lubumbashi anangoja samaki wakauke, na siku anazongoja analala kwa mtu. Muuguzi wa kampeni ya chanjo analala kwa mtu. Vivyo hivyo mwalimu mpya ambaye hajapata nyumba, mhubiri, na mwanafunzi anayetafuta habari za kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo. Familia zetu zimewapokea wote hao, na malipo yamekuwa kipande cha sabuni, chumvi, kilo ya sukari, au ahadi. Kati ya ndugu hakuna ubaya. Lakini mnunuzi wa samaki amekuja kutafuta faida, na kitanda alicholalia kimo ndani ya faida hiyo. Anamlipa mwenye boti, anamlipa mbeba mizigo, anamlipa anayemfungia vifurushi. Mama aliyempikia bukari kwa siku nne anamwachia asante.

Wazee walikuwa na sheria yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lile ndilo lilikuwa malipo: mgeni aliyelima nanyi asubuhi alikuwa ameingia katika hesabu ya nyumba, na hakuna aliyehitaji kumdai kitu. Sheria ile ilikuwa nzuri kwa mtu aliyekuja kukaa. Mgeni wa siku hizi analala siku mbili, na siku ya tatu yuko katika boti. Jembe halimpati. Ndiyo maana watu wa milima mingi ya Afrika na Asia wamelazimika kutunga sheria nyingine kwa ajili yake, na sisi tunaweza kuziangalia hizo kabla ya kutunga za kwetu.

Msidhani hata hivyo kwamba msafiri wa mbali ni kitu kipya katika nchi ya Waluba. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa akivuka Afrika kutoka bahari ya mashariki kwenda ya magharibi, alifika Kilemba, makao ya Mulopwe, yaani mfalme, Kasongo Kalombo, akakaa huko miezi mingi akingoja njia ifunguke. Aliyempokea na kumtunza alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, Juma Merikani, na Cameron alimsifu sana kwa ukarimu katika kitabu alichokitoa mwaka 1877. Alikwenda pia kuangalia ziwa dogo la Mohrya, akaona nyumba zilizosimama juu ya nguzo katikati ya maji, akazichora. Kisale letu alilitazama kutoka mbali tu. Ulikuwa wakati mbaya: misafara ya kuuza watu ilikuwa inapita, na mwishowe yeye mwenyewe aliondoka akifuatana na msafara wa namna hiyo, wa mfanyabiashara Alvez. Mambo aliyoandika juu ya Waluba, hasa juu ya mfalme wao, ni makali, na mengine yalikuwa kweli. Lakini ninaposoma habari zake naona kwamba kwa muda mrefu ule alitazama nchi akiwa kwenye ua wa mfanyabiashara. Alimjua mfalme, aliwajua wachuuzi, aliwaona mateka. Jiko la Mluba wa kawaida, mama na watoto wake jioni, hakulijua. Mahali mgeni anapolala ndipo anapoitazamia nchi nzima. Hilo ni jambo la kwanza linalonifanya niipende kazi hii ya kulaza wageni majumbani, hata kabla ya kuhesabu faranga.

Sasa twende Tanzania, kwa kuwa huko mambo haya yalipangwa mapema na kwa utaratibu. Mwaka 1995 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilianza na Bodi ya Utalii ya Tanzania mpango walioupa jina la utalii wa kitamaduni. Wakati ule watalii walikuwa wanapita mbio kutoka uwanja wa ndege kwenda Serengeti na Ngorongoro, na mtu wa kijiji aliwaona kupitia kioo cha gari. Mpango ukawauliza wanavijiji: mna nini mnachoweza kumwonyesha mgeni kwa miguu, na nani atampikia? Vikaingia vijiji kama Longido kwa Wamaasai, Mto wa Mbu chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, Ng'iresi na Mulala juu ya miteremko ya Mlima Meru, na milima ya Upare na Usambara.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Bei ya mgeni iligawanywa mbele ya macho yake: hii ya kiongozi, hii ya chakula, hii ya kulala, na hii ya mfuko wa kijiji. Mfuko ule ulijenga madarasa mahali pengine, na Longido ulitengeneza josho la ng'ombe. Mulala, kikundi cha akina mama ndicho kilichobeba kazi. Mgeni anatembezwa katika mashamba ya kahawa na migomba, anaonyeshwa jibini inavyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wao, anakula kwao. Wenyewe ndio wapishi na wenyewe ndio wapokeaji wa pesa. Nimeupenda mfano huo kuliko yote ya Meru, kwa sababu hakuna mtu aliyesimama kati ya sufuria na malipo.

Usambara ni habari ndefu zaidi. Ni milima ya Wasambaa, baridi, yenye matuta ya kabichi na viazi hadi karibu na vilele, na misitu ambamo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alichukua lile ua dogo la zambarau ambalo leo linapandwa katika vyungu duniani kote. Mtalii hana simba wa kumtafuta huko. Anakwenda kutembea. Anatoka Lushoto kwa miguu, siku mbili, tatu, hata nne, anapita vijiji na mabonde mpaka Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini. Usiku analala alipofika: kwenye nyumba ndogo ya wageni, kwa masista wa Rangwi, au katika nyumba ya familia. Kinachouzwa ni njia yenyewe pamoja na watu waliomo. Mtu anayetembea hana haraka. Ananunua ndizi hapa, chai pale, anapumzika chini ya mti wa mtu, na kila kituo kinaacha pesa kidogo. Mwenye gari hawezi kufanya hivyo hata akitaka.

Lakini tuseme yote. SNV iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baada ya hapo mahali kadhaa kazi iliyoanza kama ya kijiji ikageuka biashara ya kiongozi mmoja na rafiki zake. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba kiongozi ndiye anayejua Kiingereza, ndiye mwenye simu, ndiye anayepokea mgeni na bei yake kamili. Akifika nyumbani kwa mama anampa kiasi anachoona kinatosha. Mama hajui mgeni amelipa ngapi. Ukimwuliza mgeni, anadhani mama amepata nusu. Pengo hilo la kutojua ndilo linaloua, na halihitaji mtu mbaya ili litokee. Huko Lushoto, Arusha, popote, linaanza siku ile mtu mmoja anapokuwa ndiye mlango wa pekee wa wageni wote.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi hauko mlimani kabisa. Uko Uganda magharibi, kijiji cha Bigodi, kando ya msitu wa Kibale. Wana nini? Kinamasi cha mafunjo kinachoitwa Magombe. Mafunjo kama haya yetu, ndege kama hawa wetu, nyani wa kutosha. Mwaka 1992 wanakijiji waliunda chama chao, KAFRED, wakatengeneza njia ya mbao juu ya tope, wakafundisha vijana majina ya ndege, wakaanza kutoza kiingilio. Kwa pesa hiyo wakasaidia kuanzisha shule ya sekondari ambayo kijiji hakikuwa nayo. Baadaye familia zikaanza kulaza wageni na kuwapikia, na akina mama wakauza vikapu na mikeka. Tope lile lingeweza kukaushwa likawa shamba, na mengi katika eneo lile yamekaushwa. Hili limebaki kwa sababu kijiji kinaona shule kila siku na kinajua imetoka wapi. Ningetamani mwalimu mmoja na mama wawili wa Kinkondja wapelekwe Bigodi kwa wiki moja, kuliko kuletewa mtaalamu wa kutuhutubia, mimi nikiwamo.

Magharibi ya hapo, chini ya Rwenzori, watu wa Ruboni, Wakonzo, ndugu wa Wanande wetu wa Kivu, wamejenga kambi yao na wanawatembeza wageni wasiotaka kupanda hadi kwenye theluji. Ethiopia, kwenye nyanda za juu karibu na Lalibela, wakulima walichagua njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000: badala ya kumweka mgeni ndani ya familia, walijenga vibanda vya mawe na nyasi kandokando ya kijiji, mali ya kijiji kizima, na watu wanakwenda kupika na kulinda kwa zamu. Wanaojua nyumba iliyojaa watoto wataelewa sababu. Nepal, kijiji cha Sirubari kilianza mwaka 1997, na huko kamati ndiyo inayogawa wageni: mgeni hachagui nyumba, na nyumba haigombanii mgeni. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jirani hana sababu ya kumwonea jirani wivu, na kijiji kidogo kinaweza kuvumilia umaskini kwa miaka mingi kuliko kinavyovumilia wivu kwa mwezi mmoja.

Casamance, kusini mwa Senegal, walijenga nyumba za wageni za vijiji katika miaka ya 1970 zikapata sifa kubwa, kisha tangu 1982 vita vikaja na wageni wakapotea. Hapo ndipo ninapotaka kusema juu ya usalama, bila kuzungukazunguka.

Hifadhi ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939. Makao yake yako Lusinga, juu kwenye uwanda wa Kibara, mahali palipo zaidi ya mita 1,700, wakati sisi hapa ziwani tuko chini ya mita 600. Ukipanda kutoka joto letu mpaka nyasi zile za baridi, unatoka nchi moja na kuingia nyingine. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wanaishi huko. Ni mlima ambao mtalii angeupenda kwa moyo wote. Lakini Desemba 2012 mkuu wa hifadhi hiyo aliuawa na watu wenye silaha, na damu yake si ya kwanza wala ya mwisho kumwagika pale. Tangu 2017 ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, inasaidiana na shirika la Forgotten Parks kuirudisha, na wanafanya kazi ngumu. Upande wa Kivu, Virunga ilifunga milango kwa watalii mwaka 2018 baada ya mlinzi kuuawa na Waingereza wawili kutekwa, ikafungua mwaka uliofuata, ikafunga tena 2020. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba mwakani mtaona ndege zimejaa Wazungu wanaokuja Kibara, msimwuzie mbuzi kwa mkopo. Kijiji hakiwezi kuahidi amani ya teritware nzima. Kinaweza kuahidi kitanda safi kwa mtu ambaye tayari anapita.

Nasi tunajua kulaza watu wakati wa shida kuliko wengi wanaoandika vitabu vya utalii. Mwaka 2005 na 2006, vita vya wanamgambo wa Mai-Mai na jeshi vilipowafukuza watu upande wa Mitwaba, walishuka kwenye maziwa, wengine wakajibanza hata juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Familia za huku chini ziliwapokea. Hakuna aliyeandika bei. Nataja hayo kwa heshima, na pia kwa sababu kumbukumbu ile isije ikatumiwa dhidi ya akina mama: eti mliwapokea wakimbizi bure, mbona mwalipisha sasa? Aliyekimbia risasi na aliyekuja kupumzika ni watu wawili, na moyo uliompokea wa kwanza bure hauna deni kwa wa pili.

Nimefika kwenye maji, na hapa nitakaa.

Zoni ya afya ya Kinkondja, pamoja na Bukama, Malemba-Nkulu na Mulongo, ni katika sehemu za Kongo ambako kipindupindu hurudi na kurudi. Wauguzi waliopo hapa wanalijua kuliko mimi. Tunakunywa ziwa, tunafulia ziwa, tunaosha samaki katika ziwa, na kambi nyingi za wavuvi hazina choo. Mgeni akiugua nyumbani kwako, kwanza anateseka yeye. Pili jina la nyumba yako linaharibika. Tatu, na hili ndilo zito, huenda yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, na watoto wako ndio watakaoulipa. Kwa hiyo nyumba isiyo na choo chenye mlango, chombo cha maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na sabuni penye choo, haifai kupokea mgeni wa kulipa. Isipokee hata siku moja ya majaribio. Ninajua neno hili linaziondoa nyumba nyingi, zikiwamo za watu ninaowaheshimu. Lakini litazame kwa upande mwingine: choo kilichochimbwa kwa ajili ya mgeni kinatumiwa na familia siku mia tatu ambazo mgeni hayupo. Kama kazi hii haitaleta kitu kingine Kinkondja ila vyoo vizuri na ndoo zenye vifuniko na bomba, nitaona imelipa.

Na nani atateka hayo maji? Mgeni mmoja wa mjini anaoga asubuhi na jioni. Kunawa, kunywa, kupikiwa, kufuliwa shuka: ni madumu kadhaa kwa siku, juu ya yale ya familia. Madumu hayo yatakwenda juu ya kichwa cha mama au cha binti yake. Ikiwa ni binti, basi mnauza saa zake za shule. Kwa hiyo nasema bei ya maji iandikwe peke yake, ionekane, na alipwe mtu mzima anayeyateka. Vijana wenye baiskeli hapa wanabeba madumu kwa pesa. Mama awe na uwezo wa kuwaita na kuwalipa kutoka katika pesa ya mgeni, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tutoe mfano wa hesabu, mfano tu, bei mtaipanga wenyewe. Mgeni analipa faranga 30,000 kwa usiku mmoja na chakula. Faranga 12,000 ni za chakula na maji, mkononi mwa anayepika. 8,000 ni za chumba. 2,000 zinawekwa kwa ajili ya chandarua, shuka na godoro, kwa sababu vitu hivyo vinachakaa na mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka kuvinunua. 5,000 ni za kijana anayempokea kwenye boti na kumtembeza. 3,000 zinaingia kwenye sanduku la kijiji. Haya yote yaandikwe katika kaye iliyo wazi, na kibandikwe kikaratasi ukutani mwa chumba ambapo mgeni anasoma nani anapata nini. Hapo lile pengo la Lushoto halina nafasi. Mgeni mwenyewe anakuwa shahidi wa mama.

Baba wa nyumba atauliza, na ana haki ya kuuliza: nyumba ni yangu, mbona pesa ya chakula haipiti kwangu? Ndugu yangu, wavu ni wako, na samaki ukiuza hupeleki pesa kwanza kwa mama akugawie. Kila kazi na mkono wake. Chumba ulikijenga wewe, na pesa ya chumba mtakaa na mama wa nyumba mkubaliane. Ya sufuria mwachie mwenye sufuria. Nyumba ambayo baba hawezi kukubali hilo isiandikishwe, na isitukanwe kwa kutoandikishwa.

Mgeni atataka kuona nini? Wengi watasema ngoma. Mimi ninaogopa ngoma za kuagiza. Kama kuna ngoma Jumamosi kwa sababu kuna ndoa, mgeni aje, acheze, atoe zawadi kama watu wengine. Kuvaa majani Jumanne kwa sababu boti imefika, hapana; watoto watakaotuona tukiigiza maisha ya babu zetu mbele ya kamera watajifunza kwamba maisha hayo yalikuwa mchezo. Mambo ya Mbudye, wale walioshika historia ya wafalme na kuisoma kwenye ubao wa lukasa, yana wenyewe, na wenyewe ndio wanaojua nini kinasemwa mbele ya nani. Atakayetaka kulala juu ya kisiwa cha mafunjo pamoja na wavuvi aambiwe ukweli: pale ni mahali pa kazi, hapana choo, na usiku maji hayana huruma. Aende asubuhi, arudi mchana, amlipe mwenye mtumbwi.

Bali tuna kitu ambacho Usambara hawana. Hapa ukingoni mwa Kisale, Sanga, Jacques Nenquin alichimba mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata 1958, na baadaye Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Walikuta makaburi ya watu walioishi hapa tangu karne ya 8 na kuendelea, wamezikwa na vyungu vizuri ajabu, vitu vya chuma, pembe za ndovu, na shaba. Na katika makaburi ya baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Ni katika historia ndefu kuliko zote zilizofuatwa bila kukatika kusini ya msitu mkubwa, na imelala chini ya miguu yetu. Vitu vingi viko Lubumbashi na Tervuren, Ubelgiji. Mgeni anayetoka mbali atapenda kusimama pale. Asimame, aelezwe na mwalimu wa hapa aliyejifunza habari hizo vizuri, alipe. Asichimbe, asiokote, na atakayemwuzia kigae cha chungu amechota mali ya wafu. Nalisema wazi kwa sababu maskini akiombwa na mgeni mwenye dola ni vigumu kukataa. Ndiyo maana sheria iwe ya kijiji kizima, asiachwe mtu mmoja kukataa peke yake.

Kuna mambo mengine yasiyouzwa, na haya nayasema mbele ya vijana bila haya. Mgeni analala chumba chenye mlango wake. Halali chumba kimoja na watoto. Hapelekewi maji ya kuoga usiku na msichana. Hatembei na mtoto peke yake, hata akiwa mpole namna gani, hata akiwa amekuja na barua ya kanisa. Picha ya mtoto haipigwi bila mzazi. Peremende na pesa hazigawiwi njiani, kwa sababu watoto wakizoea kukimbilia boti wataacha kukimbilia kengele ya shule. Mgeni mwema atayakubali haya yote mara moja. Asiyeyakubali, boti inarudi Bukama.

Chakula kisitutie hofu. Bukari, samaki wa ziwa, sombe iliyopikwa vizuri, maharage, ndizi. Mgeni hakusafiri siku tatu ili ale tambi. Aambiwe saa ya kula, ale na watu wa nyumba kama nyumba inataka, au peke yake kama mama amechoka. Mama ana ruhusa ya kuchoka. Baada ya wageni wawili mfululizo nyumba ipumzike, zamu iende kwa jirani, kama Sirubari.

Mtaanza na nani? Ningeanza na nyumba tano tu, katika miezi ya kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha. Mnunuzi wa samaki na muuguzi wa chanjo ndio watakuwa wageni wa kwanza wa kulipa, na shirika linalomtuma muuguzi lina pesa ya malazi katika bajeti yake, liulizwe. Baada yao ningewaita Wakongo wenzetu. Chuo Kikuu cha Kamina kiko katika mkoa huu huu, na Lubumbashi kuna chuo kikuu na makumbusho ambamo vyungu vya Sanga vimewekwa. Vijana wengi wanaosoma historia huko hawajaiona Kisale kwa macho yao. Wanakuja kwa garimoshi mpaka Bukama, hawahitaji viza, wanajua kula bukari kwa mkono, na watakwenda kusimulia. Barua ya kwanza ningewaandikia hao. Ndani yake ningetaja bei na mgawanyo wake, choo kilivyo, maji yanavyotiwa dawa, kwamba umeme hakuna na taa ya jua ipo, kwamba boti inaweza kuchelewa siku nzima, na kwamba wanafunzi wakija kumi watagawanywa wawili wawili katika nyumba tano, hata kama wangependa kulala pamoja.